Yahusu Seli Zako na Mtu Uliyeacha Kumsalimia

Dada Tereza mpendwa,

Kwa heshima na kwa mapenzi, mimi mdogo wako Musa ninaomba kukufikia kwa maandishi haya, nikiwa nimeketi kwenye meza yangu nje ya mahakama, mahali pale pale ulipozoea kunijia siku za Ijumaa na gonja, ile ndizi tamu ya kuchoma, ndani ya gazeti. Ulikuwa ukiketi kwenye benchi la wateja, unachukua ombi lolote nililokuwa nimeliandika siku hiyo, unasoma aya ya kwanza, unaruka hadi mwisho, halafu unaniuliza, "Musa, huyu mtu anataka nini hasa?" Nami nilikuwa nakueleza kwamba ombi lina ngazi zake, na mtu hapandi juu kwa kuruka. Leo, kwa kukuheshimu, ninaruka.

Seli zako zi hai. Ziko katika maabara ya Profesa Gideoni. Mimi na binti yangu Safina ndio tuliokwenda nyumbani kwake kumwomba azipokee. Ninakuomba uridhie.

Nimekwisha kuliandika. Sasa niruhusu nirudi kwenye ngazi zangu, kwa maana jambo lenyewe halieleweki bila kuelezwa, na wewe ni mtu wa kutaka ushahidi.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sote wawili tangu kambi ya polisi. Baba, Mganda wa Lubaga, na Mama, Mnubi wa Bombo, walikutana ndani ya lugha hii na hawakuwahi kutoka humo. Wewe ulikwenda kwenye Kiingereza cha sayansi, ukavuka bahari nacho, ukarudi wakati wenzako walibaki huko. Mimi niliyeacha shule mapema nilibaki na kamusi ya Baba isiyokuwa na jalada. Hukuwahi kunicheka kwa hilo. Ulinicheka kwa mengine.

Watu waliokuja kwenye mazishi yako walieleza kazi yako kwa maneno makubwa. Waliisifu sana, lakini hakuna aliyesema ilianzia wapi. Mimi ninajua. Ilianzia kambini, katika vile vibanda vya mabati vya mviringo, Mama alipokuwa akikutuma wewe, si mimi, kupeleka habari kwa wake wa askari wenzake Baba. Ulikuwa unatoka na habari moja, na jioni habari hiyo inarudi kwetu kupitia mlango mwingine ikiwa imegeuka kabisa. Wengine waligombana. Wewe ulifunga safari upya, mlango kwa mlango, ukiwauliza wale akina mama walisikia nini na walimwambia nani. Mama Opio alikuita karani wa umbea. Hukujali. Ulitaka kujua ni mlango gani habari iliharibikia.

Miaka mingi baadaye, ulipokuwa daktari wa mambo ya ndani ya seli, nilikuuliza kwa unyenyekevu unafanya nini huko siku nzima. Ulivuta pedi yangu ya wino na mihuri yangu, ukaigeuza meza yangu kuwa seli. Kwenye ukingo wa meza kuna vipokezi, ulisema, kama makarani wa dirishani. Ujumbe ukifika dirishani hauingii wenyewe. Karani humgeukia aliye nyuma yake na kumpiga muhuri mdogo wa fosfeti, huyo naye humpiga anayefuata, na hivyo hivyo hadi kwenye kiini, anakoketi mkubwa mwenye kutoa amri. Nilikuuliza inakuwaje muhuri ukififia. Ulicheka mpaka gonja ikakupalia, nikalazimika kumwomba mteja maji. Kisha ukasema hilo ndilo swali zuri kuliko yote uliyoulizwa juma lile. Dada, nimeishi na sifa hiyo muda mrefu. Sikuwahi kukuambia.

Ulinieleza pia kwamba seli iliyoharibika hutumiwa amri ya kujimaliza yenyewe, ili mwili wote usipate hasara. Seli zako, zilizotoka katika uvimbe wa taya la mtoto ambaye wazazi wake waliridhia zihifadhiwe, hupewa amri hiyo na haziitii. Swali lako lilikuwa lile lile la kambini. Amri inapotelea mlango gani?

Profesa Gideoni aliamini inapotelea dirishani. Wewe uliamini inaingia, inapita mikono yote, na kukwama hatua moja tu nje ya kiini. Na kama inafika huko, ulisema, basi mtu anaweza kutafuta dawa ya kuisukuma hatua hiyo moja. Ushahidi wako ulikuwa mstari mwembamba mweusi kwenye filamu ya picha ya maabara, unaoonyesha protini ile ya mwisho ikiwa imekwisha kupigwa muhuri wake. Siku nyingine mstari ulitokea. Siku nyingine haukutokea, nawe ulisema hivyo hadharani, kwa sababu hukujua kuficha.

Ndipo siku ile ya mkutano, mbele ya wageni na wanafunzi, Profesa Gideoni, mtu mliyesoma naye benchi moja, alisimama akasema, "Mama, hiyo filamu ni chafu. Nenda ukaoshe tena." Ukumbi ulicheka. Ulinisimulia hayo mara moja tu, ukiwa umesimama, hukutaka kuketi. Tangu hapo ulipokutana naye kwenye korido ulimsalimia mlinzi aliye karibu naye, ukamuuliza habari za watoto, na kupita.

Nilikuwa upande wako. Ningali.

Sasa nitaeleza yaliyofuata baada yako.

Kwenye olumbe, siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikutana Lubaga nyumbani kwa Baba kukuwekea mrithi. Watu wa Mama walisoma dua yao, watu wa Baba wakasali rozari, kama ilivyo kwetu siku zote, na chakula kikatosha. Mrithi aliyechaguliwa ni Safina. Ninajua ungefurahi. Alivikwa vazi la gome la mti, akakabidhiwa kisu na kikapu, na Baba Mkubwa Kizito akamwambia mbele ya wote kwamba tangu siku ile yeye ndiye Ssenga, shangazi wa ukoo. Wageni wako ni wake, uliowalea ni wake, na waliokosana nawe ni wake pia.

Unamfahamu Safina. Anauza mabeseni kwa jumla katika soko la Kikuubo, na sauti yake ni ya Kikuubo. Wewe ndiye uliyekuwa Ssenga wake halisi, na alipokaribia kuolewa tulimleta kwako, kama desturi inavyotaka, umfundishe yanayomhusu bibi harusi. Ulikaa naye kutwa ukimfundisha jinsi yai linavyotambua kwamba limekwisha kufikiwa na kuwafungia mlango wengine. Alirudi akaniambia, "Taata, Ssenga amenifundisha mambo mengi, lakini si yale." Mama yake alimalizia yaliyobaki. Hata hivyo Safina hakusahau habari za lile yai, na amewafundisha wanawake wengi Kikuubo, kwa maneno ambayo sitayaweka kwenye karatasi.

Basi taasisi yako ilituandikia kwa adabu kwamba familia imtume mtu kuhusu vitu vyako. Wao walikuwa wanangoja mtu mwenye sanduku, aje kubeba vitabu na koti lako jeupe. Sisi tulikwenda kama mrithi anavyokwenda katika nyumba aliyoachiwa. Safina alivaa gomesi, lile gauni refu la heshima. Mimi nilivaa koti langu la mahakamani na kubeba ombi nililoliandika kwa uangalifu mkubwa. Na kwa kuwa mtu haingii kwa mara ya kwanza katika nyumba kama hiyo mikono mitupu, tulikuwa na kuku.

Mlinzi alimtazama kuku, akanitazama mimi, akauliza kwa heshima kama ni wa majaribio. Nikamjibu kwamba ni wa salamu. Kuku akabaki getini.

Mkurugenzi alitupokea vizuri. Ni mtu mpole na sina neno baya juu yake. Alieleza kwamba ofisi yako inahitajika, na kwamba lile tangi la naitrojeni ya maji ambamo seli zako zimegandishwa litaondolewa na yaliyomo kuteketezwa, kwa sababu hakuna mwanasayansi wa ngazi inayotakiwa wa kuyawajibikia. Akello, yule mwanafunzi wako wa udaktari kutoka Lira, alikuwa amesimama kando ya dirisha. Tasnifu yake yote inategemea seli hizo. Alikuwa amepungua, Dada, shingo yake imekuwa ya mtoto.

Safina aliomba kuziona. Akello akafungua tangi, ule moshi mweupe ukamwagika sakafuni, na Safina akakunja gomesi yake akachungulia. Ninanukuu bila kusahihisha, ingawa kunaniuma.

"Hawa ndio watoto ya Ssenga?"

Akello akasema ndiyo. Akaeleza kwamba tangu ufariki amekuwa akiomba naitrojeni kwa watu wanaohifadhi mbegu za madume wa ng'ombe wa maziwa, ambao humjazia kidogo wanapopita. Safina akasema kumbe watoto hawa wananyonya kwa ng'ombe. Akello alicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, maana alishtuka mwenyewe akaziba mdomo.

Ndipo Safina akamgeukia Mkurugenzi. "Ssebo, mimi sikukuja kubeba vitu. Mimi ndiye Ssenga sasa. Uniambie kitu gani inakosa, nitaenda kutafuta."

Mkurugenzi alimweleza taratibu kwamba seli hazirithiwi kama nyumba. Zinakaa chini ya taasisi, kwa masharti ambayo wazazi wa yule mtoto waliyaridhia. Hapo nikaona zamu yangu imefika, nikawasilisha ombi langu. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, jambo ambalo wewe hukuwahi kunifanyia, kisha akaweka kiganja juu yake. Akasema ombi ni zuri sana lakini halihitajiki. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye cheo na ujuzi wa seli za namna hii, akubali kuzisimamia pamoja na mwanafunzi. Katika jengo lote yuko mmoja. Akello aliinamisha kichwa. Hakuna aliyelitaja jina.

Tulipotoka nilimwambia Safina kwamba tumeshindwa. Nilikutetea, ninataka ulijue hilo. Nilisema kwamba dada yangu alidharauliwa mbele ya watu, kwamba hakumsalimia mtu yule mpaka anaingia kaburini, na kwamba si haki sisi kumpigia magoti kwa niaba yake sasa kwa kuwa hawezi kutukataza. Nilisema mengi, kwa mpangilio mzuri. Safina alimchukua kuku kwa mlinzi, akamkumbatia chini ya kwapa.

"Taata," akasema, "hii ugomvi si yako. Ni yangu. Waliniachia."

Nililikunja ombi langu, nikamfuata.

Profesa Gideoni anakaa Ntinda, nyuma ya maduka, katika nyumba yenye maua mengi kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa tabia yake. Alifungua geti mwenyewe, kandambili miguuni. Amezeeka, Dada. Safina alipiga magoti pale pale kwenye changarawe, na gomesi yake safi, akamsalimia kwa urefu kama wanawake wa Buganda wanavyosalimia. Mzee alianza kumwinua, akimuuliza yeye ni nani. Safina hakuinuka.

"Mimi ndiye Tereza," akasema. "Nimekuja tusalimiane."

Profesa ni mtu wa Busoga, anajua kwamba mrithi huchukua nafasi na jina la aliyefariki. Nilimwona akielewa. Alisimama akiwa ameshika geti, midomo inatafuta, na mimi niliyekuja na maneno makali mfukoni nilijikuta ninatazama maua. Mwishowe akasema, "Karibu, Tereza. Umekawia sana." Akampokea kuku kwa mikono miwili.

Ndani, kwenye chai, alisema kwamba alipoitamka ile "Mama" ukumbi ulicheka kuliko alivyokusudia, na kwamba aliuona uso wako. Kesho yake alikuja kwenye korido akiwa na neno la kusema, nawe ukamsalimia mlinzi. Kesho yake tena, mlinzi. Baadaye alianza kupita njia nyingine. Safina alimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari zake mwenyewe, akasema tu, "Nimesikia." Mimi nililia kidogo. Nilisingizia mvuke wa chai.

Ila Profesa hakujipendekeza, na kwa hilo nilianza kumheshimu. Aliweka kikombe chini akasema, "Lakini kuhusu filamu, siwezi kudanganya. Bado nasema ilikuwa chafu."

Safina akamjibu, "Basi uioshe wewe."

Akacheka, akakubali kulisimamia tangi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekuuza, hakuna aliyesema wewe ulikosea. Mrithi wako alimsalimia mtu, naye akaitika.

Akello aliziyeyusha seli zako chupa baada ya chupa. Nyingi zilikufa, maana majira ya kuomba naitrojeni kwa watu wa ng'ombe yaliziumiza. Zilizobaki zilikaa bila kufanya lolote, na kila nilipopiga simu kuuliza hali ya wagonjwa, Akello alinijibu kwa upole wake, "Mjomba, tuzipe nafasi." Kisha zikaanza kuongezeka. Aliniita nizione kwa hadubini. Nilivua miwani, nikaivaa tena. Ni viduara vinavyong'aa pembezoni, vinaelea, havishikani na kitu. Nilitafuta sentensi ya kuvifaa na sikuipata, nikasema, "Hamjambo." Akello hakucheka. Alisema wewe pia ulikuwa ukizisalimia asubuhi.

Kazi ya filamu Profesa hakumwachia Akello. Aliosha kwa mikono yake mwenyewe, akabadilisha kingamwili, akaagiza mpya, akaingoja. Akamtaka Akello afiche alama za sampuli ili yeye asijue ipi ni ipi, asije akaona anachotaka kuona au asichotaka. Nilipouliza mbona inachukua muda, Akello alisema Mzee anaiosha kama mtu anayetaka kuondoa doa kwenye nguo ya harusi. Sikupenda. Niliona anatafuta kukushinda hata sasa. Kwa wiki kadhaa niliandika na kufuta barua ya kumshtaki kwako.

Ijumaa iliyopita alikuja kwenye meza yangu. Hakutanguliza mtu wala simu. Nilikuwa na mjane mmoja tunaandaa ombi lake la pensheni ya mumewe, na Profesa Gideoni, akiwa na suti yake, alikaa kwenye benchi nyuma yake akangoja zamu. Nilipomwita alisogea, akaegemea meza kwa vidole, akasema bila salamu:

"Mwambie mstari upo."

Nikamuuliza nimwambie nani.

"Dada yako," akasema, kana kwamba nimeuliza upuuzi. Akaeleza kwamba umetokea kila mara alipoosha, katika seli zako na si katika zile za kulinganishia. Amri inafika. Inakwama pale uliposema. Na atasimama kulisema hilo mahali pale pale aliposema lile la kwanza, kwa sauti ile ile. Akashukuru, akaondoka. Alifika kwenye ngazi za mahakama, akageuka, akarudi mpaka mezani.

"Mwambie pia kwamba ni mwembamba," akasema. "Mwembamba sana. Asije akajisifu."

Basi ninakuambia, Dada Tereza. Mstari upo. Ni mwembamba.

Yule mjane, aliyekuwa bado anangoja ombi lake, aliniuliza kama nimepata msiba mwingine, kwa sababu nilikuwa nimeiweka kalamu chini. Nikamwambia hapana. Nikamwambia dada yangu amejibiwa.

Mwisho, ninaahidi yafuatayo, na ninayaweka kwa maandishi. Siku Profesa Gideoni atakaposimama, Safina ataketi kiti cha mbele katika jina lako, nami nitakuwa pembeni yake. Watu wakicheka, sitanyanyuka kujibu, nitamwachia yeye. Akello akivaa joho lake, nitamwandikia pongezi fupi, fupi kweli, uone kwamba ninaweza. Na chupa mbili zitabaki tangini bila kuyeyushwa, kwa atakayekuja baada ya Akello na kutaka kujua kuhusu ile hatua moja iliyobaki. Safina amekwisha kuzungumza na watu wa ng'ombe.

Lala kwa amani, dada yangu. Profesa amenipa salamu zako, nami nimezifikisha.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda kwa dhati,

Musa